Pipa la maji usimwage tu, lisugue

Wadau wa Dar na Mombasa hii mbinu ya kuzuia dengue (homa inayoenezwa na mbu), mi nimeijua juzi tu. Kila wiki mara moja, pipa au ndoo ya maji ya kuhifadhi ukishaimwaga chukua brashi ngumu na sabuni usugue kuta za ndani, hasa pale juu kwenye mstari maji yanapoishia, then suuza na ufunike. Sababu ni kwamba yule mbu wa dengue, Aedes, yule mwenye madoa meupe miguuni, kwa kawaida hatagi majini, anagandisha mayai kwenye ukuta juu kidogo ya maji, na yale mayai yanakaa makavu hata miezi kadhaa, ukijaza tu maji yakayafikia yanaanguliwa. Kwa hiyo ukimwaga bila kusugua umeua viluwiluwi tu, mayai umeyaacha. Na mara moja kwa wiki kwa sababu toka yai mpaka mbu anaruka ni kama siku 7 hadi 10.

Inapofeli sasa: simtanki huwezi kusugua kila wiki, hilo funika vizuri tu au funga neti mdomoni. Jirani akiwa na matairi mabovu nje yanashika maji ya mvua, kazi yako nusu imepotea, muongee naye. Na malaria haihusiki hapa, wale mbu wake wanazaliana zaidi kwenye madimbwi huko nje, chandarua kinabaki palepale.