Somo: Namna ya kumpata mchezaji wa kuchukuliwa namba moja katika drafti ya NBA

Katika drafti, timu za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, huchagua wachezaji wapya kwa zamu, na bahati nasibu hupanga nani aanze. Timu iliyoangukiwa na namba moja ina wiki sita hivi kati ya bahati nasibu ya Mei na usiku wa kuchagua mwishoni mwa Juni. Muda huo hautoshi kumjua mchezaji. Kazi kubwa inatakiwa ianze Novemba, msimu wa vyuo vya Marekani unapofunguliwa, ili Mei ibaki ya kuhakiki tu. Na usiseme timu yako haina nafasi: mwaka 2025 timu 3 mbovu zaidi zilikuwa na asilimia 14 kila moja, lakini Dallas iliingia na asilimia 1.8 ikaondoka na namba moja.

Utaratibu ulio hapa chini umepangwa hivi ili kuzuia kosa moja linalojirudia: timu kuangalia pengo la kikosi chake au urefu wa kijana, badala ya kujiuliza huyu akifika miaka 23 atakuwa anaweza kufanya nini uwanjani.

Kwanza, jua unachonunua

Tangu drafti ya 2006, mchezaji lazima awe anatimiza miaka 19 ndani ya mwaka huo, na kwa Mmarekani uwe umepita angalau mwaka mmoja tangu darasa lake limalize sekondari. Kwa hiyo vinara wengi wana msimu mmoja tu wa chuo. Mkataba wa raundi ya kwanza una miaka 2 ya uhakika, kisha timu ina hiari ya kuongeza wa 3 na wa 4. Cooper Flagg wa Chuo Kikuu cha Duke, aliyekwenda Dallas namba moja 2025, alizaliwa 21 Desemba 2006. Usiku ule alikuwa bado na miaka 18, na mkataba wake wa kwanza utaisha akiwa na 22. Miaka hiyo ndiyo unayoinunua. Msimu wa chuo uliouona ni ushahidi tu.

Hatua ya 1: Orodha

Majina 12, si zaidi. Mbele ya kila jina weka tarehe ya kuzaliwa, kwa miaka na miezi. Kijana wa miaka 18 na miezi 6 anayefunga sawa na wa miaka 22 hawalingani hata kidogo, kwa sababu wa pili anacheza na wadogo zake.

Hatua ya 2: Safisha takwimu

Mechi ya chuo ni dakika 40, na vijana hawachezi dakika sawa. Geuza kila kitu kiwe kwa dakika 40: pointi 15 katika dakika 30 ni pointi 20. Kisha tenga mechi dhidi ya timu kali peke yake. Novemba na Desemba vyuo vikubwa hualika vyuo vidogo vya kufungwa kwa pointi 40, na wastani wa msimu huvimba hapo. Ukiondoa mechi hizo, majina mawili matatu yatashuka yenyewe.

Usizipuuze namba za kupora mpira na kuzuia mitupo. Hizo hazitegemei kocha kukupangia mchezo; zinatoka kwenye macho na miguu ya mchezaji mwenyewe.

Hatua ya 3: Mkono

Hapa ndipo timu nyingi hudanganyika. Asilimia ya pointi tatu ya msimu mmoja wa chuo ina kelele nyingi. Mtu ambaye kiwango chake halisi ni asilimia 35, akirusha mitupo 100 tu, anaweza kumaliza na 26 au na 44 bila chochote kubadilika mkononi mwake. Mitupo huru, ile ya adhabu, haina mlinzi, umbali haubadiliki, na wengi hupata mingi zaidi. Isome hiyo kwanza.

Mwaka 2017 Markelle Fultz alitoka Chuo Kikuu cha Washington na asilimia 41.3 ya pointi tatu lakini 64.9 ya mitupo huru, katika mechi 25. Jayson Tatum wa Duke alikuwa kinyume: 34.2 ya pointi tatu, 84.9 ya mitupo huru. Philadelphia ilipanda kutoka namba 3 hadi 1 ili imchukue Fultz. Boston, iliyokuwa na namba 1, ikashuka, ikapewa chaguo jingine la raundi ya kwanza la baadaye, na bado ikampata Tatum. Tutende haki: Fultz baadaye aligunduliwa kuwa na tatizo la mishipa ya fahamu kati ya shingo na bega, na hilo hakuna jedwali ambalo lingelionyesha. Lakini ile 64.9 ilikuwa mezani kabla ya yote, na ilitosha kumfanya mtu aulize maswali.

Baada ya namba, angalia mtupo wenyewe. Simamisha video pale mpira unapoanza kuachia vidole. Linganisha mtupo wa dakika ya 3 na wa dakika ya 38. Kama mwishoni kiwiko kimefunguka kwenda nje na mpira unaanzia kifuani badala ya juu ya jicho, miguu imechoka na mikono inafidia. Mtupo huo hautafika vizuri NBA, ambako mstari wa pointi tatu uko mita 7.24 mbele ya ringi wakati wa vyuo ni mita 6.75.

Hatua ya 4: Video, mechi 5

Chagua wewe, usiletewe na wakala. Mbili dhidi ya timu kali, moja ya ugenini, moja aliyocheza vibaya kuliko zote, na moja ya Machi, mwezi wa mashindano ya mtoano ya vyuo. Kila mechi iangaliwe mara mbili: mara ya kwanza fuata mpira, ya pili mfuate yeye tu, hata akiwa hana mpira.

Kwa mchezaji anayeshika mpira, hesabu mara 20 ambazo mwenzake anamwekea skrini (anamzibia mlinzi njia kwa mwili) na walinzi wawili wanamjia. Andika kimojawapo kati ya vinne: katoa kwa wakati, katoa kachelewa, kajiingiza mtegoni, kapoteza. Wa namba moja anatakiwa afikishe 12 za kutoa kwa wakati. Angalia pia mpira unapokelewa wapi. Pasi inayomlazimu anayeipokea kuinama au kugeuka imechelewa, hata kama imezaa pointi na imehesabiwa kama pasi ya kufunga. NBA mlinzi atakuwa ameshafika.

Kwa senta, yule mrefu wa chini ya ringi, tazama miguu anapobaki kumzuia mchezaji mdogo mwenye mpira. Akikutanisha visigino au kusimama wima, ameshapitwa. Vyuo havina kanuni ya kumkataza mlinzi kukaa chini ya ringi zaidi ya sekunde 3, NBA inayo. Senta aliyezoea kujificha pale hana pa kujificha tena.

Hatua ya 5: Vipimo

Vipimo rasmi vya NBA hufanyika Chicago, mwezi Mei, bila viatu. Kinachohitajika ni upana wa mikono na kimo ambacho mkono ulionyooshwa juu unafikia. Urefu wa kichwa hauzuii mtupo wa mtu. Kunyanyua vyuma kusikubabaishe: mwaka 2007 Kevin Durant hakuweza kuinua paundi 185, kama kilo 84, hata mara moja.

Hatua ya 6: Afya

Afya haipewi alama. Ni mlango: mtu anapita au hapiti. Sam Bowie alikosa misimu 2 mizima Kentucky kwa sababu ya mguu, Portland ikamchukua namba 2 mwaka 1984, na Michael Jordan akaenda Chicago namba 3. Mwaka 2007 Portland hiyohiyo ilimchukua Greg Oden mbele ya Durant. Magoti yalimwachia mechi 105 tu za NBA.

Daktari ajibu kwa maandishi mambo matatu: ni mfupa au kano gani, jeraha la namna hiyo hurudi kwa kiasi gani kwa mtu wa uzito huu, na anaweza kubeba msimu wa mechi 82? Majibu yafike kabla kocha hajasema anampenda nani.

Hatua ya 7: Mahojiano

Mpe video ya makosa yake mwenyewe, umwambie aieleze. Anayesema "nilikuwa nimechelewa kusoma mlinzi wa upande wa pili" anaona mchezo. Anayelaumu wenzake mara tatu mfululizo, andika.

Hatua ya 8: Alama na madaraja

Uzito tunaoupendekeza: uamuzi 30, mkono 25, mwili na ulinzi 25, umri 10, tabia 10. Kila skauti (mtafuta vipaji) aandike peke yake na akabidhi karatasi kabla ya kikao, maana meneja akishafungua mdomo wote watamfuata. Waliopishana chini ya alama 5 wako daraja moja. Mahitaji ya kikosi yanaruhusiwa kuamua ndani ya daraja, kamwe si kuvuka daraja.

Ukiona wawili juu kabisa wamefungana, simu ya kubadilishana nafasi ipokelewe. Ukiwa na mmoja tu, usiipokee.

Maswali ya wanachama

Mwanza: Mkuu, shukrani kwa somo. Timu ina pointi gadi (mpanga mchezo) kijana na mzuri, na anayeongoza orodha naye ni pointi gadi. Bado tumchukue?

Jibu: Kama yuko daraja lake peke yake, mchukue. Portland ya 1984 ilikuwa na Clyde Drexler, nafasi ileile ya Jordan. Sacramento ya 2018 ilikuwa na De'Aaron Fox, ikamchukua Marvin Bagley namba 2 wakati Luka Doncic hajachukuliwa. Magadi wawili wanaoshika mpira vizuri wanaweza kucheza pamoja, na ikishindikana mmoja ana soko.

Mombasa: Hicho kigezo cha mitupo huru sikikubali. Shaquille O'Neal alikuwa namba moja 1992 na maisha yake yote hakuwahi kuwa mrushaji.

Jibu: Ni kweli dada, alimaliza na asilimia 52.7. Lakini pointi zake zilitoka hatua moja kutoka kwenye ringi, na hapakuwa na mtu wa kumsukuma. Kwa mchezaji wa namna hiyo punguza uzito wa mkono kutoka 25 hadi 10 na zile 15 zipeleke kwenye mwili. Sharti ni kwamba nguvu hiyo uione kwa macho dhidi ya masenta wakubwa. Urefu peke yake haumpi mtu msamaha huo.

Dar es Salaam: Kwa vigezo hivi, Thabeet wetu angepita?

Jibu: Angekuwa kwenye orodha ya 12, ila si juu. Hasheem Thabeet, mita 2.21, alizuia mitupo 4.2 kwa mechi katika msimu wake wa mwisho Connecticut, na hakuna aliyempa hizo. Mwaka 2009 Memphis ilimchukua namba 2 nyuma ya Blake Griffin. James Harden akaenda namba 3, Stephen Curry namba 7. Video ilikuwa na onyo. Februari ile DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kwake kwa sentimita zisizopungua 20, aliondoka na ribaundi (mipira iliyodunda kutoka kwenye ringi) 23 kwa kuingia chini ya kiuno na kumsogeza. Thabeet alianza kikapu akiwa tayari kijana mkubwa, kwa hiyo alihitaji miaka ya kufundishwa miguu na mikono. Memphis ilimpeleka ligi ya maendeleo msimu wake wa kwanza, na Februari 2011 ikamuuza. Lawama hiyo ni ya waliomnunua kama mchezaji aliyeiva. Yeye ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, na hilo alilifanya kwa kazi yake.

Kampala: Ssebo, basi anayeanza kuchelewa hafai?

Jibu: Anafaa, ila pima kasi ya kukua. Linganisha Novemba na Machi: makosa yaleyale yamepungua? Khaman Maluach, Msudani Kusini aliyekulia hapo Kampala, alianza kikapu akiwa na miaka kama 13, akapitia akademia ya NBA kule Saly, Senegal, kisha Duke, na 2025 akachukuliwa namba 10. Kwa senta aliyeanza hivyo, mitupo huru zaidi ya asilimia 75 chuoni inakwambia mkono unafundishika.

Nairobi: Na kama amecheza mechi chache sana?

Jibu: Kyrie Irving alicheza 11 Duke, akachukuliwa namba moja 2011 na ikalipa. James Wiseman alicheza 3 chuoni Memphis, akaenda namba 2 mwaka 2020, na haikulipa. Rudi kwenye video za sekondari na mashindano ya vijana, fanya hesabu ileile ya mara 20. Kwa Irving nyenzo ilikuwepo, maana gadi anashika mpira kila mara. Senta wa mechi 3 hata hizo 20 huzipati, kwa hiyo punguza daraja moja.

Arusha: Kocha na daktari wakipingana, nani anashinda?

Jibu: Kwa namba moja, daktari. Mwaka 2014 Joel Embiid alikuwa na mguu uliovunjika. Cleveland na Milwaukee zilimpita, Philadelphia ikamchukua namba 3 ikiwa tayari kusubiri, na ilikaa misimu 2 bila yeye kucheza. Kabla hujaandika jina la namna hiyo juu ya orodha, muulize mwenye timu kama atavumilia misimu 2. Akisita, jina lishuke.