Usimjazie nafaka farasi aliyekondeana
Farasi aliyeokolewa mbavu zikihesabika na nyonga zimechomoza hutia huruma hata mtu akatamani kumjazia ndoo ya nafaka, lakini huruma hiyo inaweza kumuua. Wanga mwingi wa ghafla hupandisha homoni ya insulini, nayo husukuma madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli, hata moyo ukashindwa kufanya kazi. Kwa siku 3 za kwanza, farasi wa umbo la kawaida apewe takriban nusu kilo ya majani makavu ya lusani (alfalfa) kila baada ya saa 4 (naam, usiku pia), kisha aongezewe kidogo kidogo hadi siku ya 10, chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo. Atalamba hori tupu na kukukodolea macho, usilegee. Dawa ya minyoo isubiri mpaka daktari aidhinishe.