Somo: Madini yanavyoharakisha makaa ya mawe kugeuka gesi

Majivu tumezoea kuyazoa na kumwaga. Kumbe sehemu ya madini yaliyomo kwenye makaa huwa imeshafanya kazi kubwa kabla haijawa majivu.

Hatua ya 1: Pasha makaa moto bila hewa. Maji na lami vinatoka, inabaki kaboni yenye vitundu, na madini yamo humo humo.

Hatua ya 2: Pitisha mvuke. Kaboni na maji hutoa monoksidi ya kaboni na hidrojeni. Mmenyuko huu hula joto, tena ni wa mwendo wa kinyonga.

Hatua ya 3: Hapa ndipo penye utamu. Potasiamu iliyokaa juu ya kaboni humpokonya mvuke oksijeni, hidrojeni ikaenda zake. Oksijeni ile inakabidhiwa kaboni, inatoka monoksidi, na potasiamu inarudi kwa mvuke mikono mitupu. Miaka ya 1970 kampuni ya Exxon ya Marekani ilitumia potasiamu kaboneti kutengeneza methani kwenye nyuzi 700 hivi za Selsiasi. Kalsiamu nayo huchochea, yaani huharakisha mmenyuko. Chuma pia, ila kikiwa chuma chenyewe, si kutu.

Hatua ya 4: Chunguza madini yamekaaje, usipime uzito tu. Katika lignaiti, yaani makaa ya mawe machanga ya kahawia, kalsiamu imetawanyika na kushikamana na makaa yenyewe. Ukiiosha kwa asidi, lignaiti ile ile inakuwa nzito kugeuka gesi. Kuchanganya unga mkavu wa chokaa hakuleti matokeo sawa. Na moto ukizidi, chembe za kalsiamu hujikusanya mabonge, nguvu ikapungua.

MASWALI

Mkuu, magadi ya kupikia maharage yanafaa?
Yanafaa, kwa kuwa yana sodiamu kaboneti. Kwa kawaida potasiamu huyashinda. Jihadhari, sodiamu hufanya majivu yayeyuke mapema na kuganda tanurini.

Kichocheo kinaongeza gesi?
Kinaongeza kasi. Kikomo cha mmenyuko kwa joto na kanieneo ile ile hakisogei.

Kwa nini basi kisitumike kila mahali?
Udongo wa mfinyanzi, ndugu yangu. Potasiamu ikikutana na kaolini, madini ya udongo huo, inageuka silikati isiyoyeyuka majini; haichochei tena wala huipati kwa kuosha. Makaa yako yakiwa na udongo mwingi, yaoshe kwanza, la sivyo utakuwa unanunua potasiamu kila siku.