Nyumba ya Kupanga Inapohatarisha Afya: Namna ya Kudai Haki Yako Nchini Kenya

Mpangaji anayelalamikia ukungu ukutani hujibiwa mara nyingi kwamba kosa ni lake: hafungui madirisha, anaanika nguo ndani, anapika mlango ukiwa umefungwa. Jibu hilo lina uzito mkubwa zaidi wa kisheria kuliko linavyosikika, kwa sababu Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inaelekeza kwamba notisi ya kuondoa kero, yaani hali inayodhuru afya, apewe aliyeisababisha; lakini kero ikitokana na kasoro ya jengo lenyewe, notisi hupelekwa kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo, kabla ya kubisha hodi katika ofisi yoyote, onyesha chanzo.

Sogeza kabati uone doa linaanzia wapi. Doa linalopanda kutoka sakafuni, au linalotandaa kwenye dari iliyo chini ya bafu la jirani wa juu, kwa kawaida huashiria maji yanayopenya ndani ya jengo, ilhali madoa meusi ya pembeni mwa dirisha mara nyingi huletwa na mvuke. Ukibaki na shaka, kausha sehemu ndogo ya ukuta, ubandike juu yake kipande cha nailoni angavu kwa selotepu pande zote nne, kisha ukiache kwa siku mbili. Matone yakijikusanya upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa ndani. Hata hapo usikate tamaa, kwani makao yasiyopitisha hewa na mwanga wa kutosha nayo yamo katika orodha ya kero za sheria hiyohiyo. Chora mpaka wa doa kwa penseli, andika tarehe kando yake, piga picha, na urudie kila wiki. Ikiwa mtoto ana pumu au kikohozi kisichokwisha, hakikisha kila ziara ya kliniki inaandikwa; daktari huenda asiweze kusema kwamba ni ukuta uliomwuguza, lakini tarehe zinazolingana na picha zako zitasaidia.

Msingi wa madai yako ni mfupi. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha na viwango vinavyofaa vya usafi, na kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinamfunga mwenye nyumba kuhakikisha kwamba nyumba ya kuishi inafaa kukaliwa na binadamu tangu upangaji unapoanza hadi unapokwisha.

Kumwambia keateka, yaani msimamizi wa jengo, kwa mdomo hakutoshi. Mwandikie mwenye nyumba barua au ujumbe wa simu unaotaja chumba, kasoro, tarehe ulipoiona na marekebisho unayotaka, ukimpa muda wa kuridhisha, tuseme siku 14, na uhifadhi nakala. Akimtuma fundi wa rangi peke yake, andika tena: rangi juu ya ukuta unaovuja hulificha doa kwa wiki chache tu.

Muda ukipita, nenda kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo yako, umwombe aje kukagua, na uulizie nakala ya notisi atakayotoa. Notisi ikipuuzwa, suala hupelekwa mahakamani, ambako mwenye nyumba anaweza kutozwa faini na kuamriwa arekebishe. Mahakama inaweza pia kuzuia nyumba isikaliwe mpaka ifae, nalo ni jambo la kulifikiria mapema, kwa kuwa utahitaji pa kulala. Maji taka yanapofurika ndani, au ukuta wenye unyevu unapokurusha kwa umeme, usisubiri siku 14. Toa taarifa siku hiyohiyo.

Usiache kulipa kodi ya nyumba kwa hasira. Ukiwa na deni, unampa mwenye nyumba nafasi ya kumtuma dalali akamate mali yako chini ya Sura ya 293, sheria ya kukamata mali kwa sababu ya kodi isiyolipwa, na mjadala wa ukungu unageuka kuwa mjadala wa malimbikizo. Kwa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, baraza la kodi za nyumba lililoundwa na Sura ya 296, sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, linaweza kumwamuru mwenye nyumba afanye ukarabati na, akikaidi, kumruhusu mpangaji aufanye na kukata gharama kwenye kodi. Sheria hiyo pia inafanya kuwa kosa kumsumbua mpangaji ili ahame.

Ukiamua kuhama, toa notisi kwa maandishi, piga picha za kuta zote vyumba vikiwa vitupu, na ukabidhi funguo mbele ya shahidi. Amana isiporudishwa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na unaweza kufika huko bila wakili, mradi una risiti za malipo na zile picha zenye tarehe ya penseli.