Somo: Kupuliza salfa ya unga kwenye mikorosho

Kila Juni naulizwa yaleyale, kwa hiyo naandika mara moja. Nazungumzia salfa ya unga, si dawa ya maji.

1. Fyeka chini, pogoa matawi yanayogusana.

2. Kagua maua yanapochipua. Ukiona unga mweupe wa ubwiriunga (ugonjwa wa kuvu) kwenye machache, anza. Salfa hukinga, ua lililokwisha kuwa jeusi halirudi.

3. Gramu 250 kwa mkorosho mkubwa. Mfuko wa kilo 25, miti 100.

4. Muda. Hapa niliharibu. Msimu wangu wa pili mashine ya kupulizia iligoma kuwaka, nikaanza saa tatu asubuhi, umande umekauka na kusi imeanza kuvuma. Wingu la njano likapita juu ya miti yangu likaenda kwa jirani. Nilipopapasa maua, vidole havikushika hata chembe. Mifuko miwili ikapotea, na macho yaliniwasha hadi usiku. Sasa naanza saa kumi alfajiri, saa moja na nusu nimemaliza. Umande ndio gundi. Jua likipanda, salfa hutoa mvuke kidogo kidogo unaoua kuvu hata pale unga usipofika.
ONYO: vaa miwani na barakoa. Usivute sigara, usijaze petroli injini ikiwa ya moto. Vumbi la salfa hulipuka, na moshi wake hukaba kifua.

5. Rudia kila siku 14, mara nne au tano.

MASWALI

– Mkuu, napuliza saa ngapi?
– Hatua ya 4.

– Nilipuliza mara moja mwaka jana, wapi! Salfa feki.
– Mara moja. Nimeandika nne au tano. Usiusingizie mfuko.

– Shikamoo mwalimu. Mbona kunde zangu chini ya mikorosho ya zamani zinadumaa?
– Marahaba, swali zuri sana. Salfa inayodondoka chini haipotei. Bakteria wa udongoni huigeuza kuwa asidi ya salfuriki, na mchanga wetu wa kusini hauna nguvu ya kuipoza. Miaka ikipita udongo unachachuka, kunde zinadumaa. Pima udongo kwanza, ndipo ujue chokaa kiasi gani ya kupunguza asidi. Usikisie.

– Nyongeza: osheni mashine siku hiyohiyo. Salfa ikilala na unyevu, chuma kinaliwa.
– Kweli kabisa. Na mfuko uliofunguliwa ukae juu ya mbao, mbali na jiko.