Namna ya Kuchagua Kati ya Runinga Mbili za Bei Nafuu

Runinga mbili za bei nafuu zikiwekwa sambamba dukani, zikiwa na ukubwa mmoja na bei zinazokaribiana, mnunuzi hujikuta akilinganisha maandishi ya maboksi badala ya runinga zenyewe. Boksi la kwanza limeandikwa kwa herufi kubwa 4K, yaani picha yenye nukta nyingi zaidi, na HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza. La pili limeandikwa Full HD tu, ila linataja mfumo endeshi unaofahamika na spika zenye nguvu zaidi. Hakuna mtengenezaji anayeshusha bei bila kupunguza kitu mahali fulani, na kile alichokipunguza ndicho ambacho hakiandikwi kwenye boksi. Kwa hiyo swali la kujiuliza si runinga ipi iliyo bora kwa jumla. Jiulize kila moja imepunguziwa nini, kisha upungufu upi utaonekana katika chumba chako na upi hakuna mtu nyumbani atakayeutambua.

Kazi huanza nyumbani, kwa futi ya kupimia. Pima umbali kutoka mahali watu wanapokaa hadi mahali runinga itakapowekwa, kisha kumbuka kwamba ukubwa wa skrini hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe ya chini hadi pembe ya juu ya upande wa pili, na kwamba inchi moja ni sentimita 2.54. Skrini ya inchi 43 ina mshazari wa sentimita 109 na upana wa takriban sentimita 95, bila kuhesabu fremu. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kukaa umbali wa takriban mara 1.6 ya mshazari huo, yaani karibu mita 1.75 kwa inchi 43 na mita 2.25 hivi kwa inchi 55. Familia nyingi hukaa mbali zaidi ya hapo, na hakuna ubaya wowote, isipokuwa umbali huo huamua kama 4K ina faida kwako au haina.

Full HD ina pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, 1920 kwa 1080, ambazo ni kama milioni 2. 4K ina 3840 kwa 2160, ambazo ni kama milioni 8. Tofauti hiyo ni kubwa kwenye karatasi, lakini jicho lenye uwezo wa kawaida huacha kutenganisha vitu vilivyo karibu kuliko sehemu moja ya sitini ya nyuzi. Ukipiga hesabu hiyo kwa skrini ya inchi 43, utaona kwamba ukikaa mbali zaidi ya mita 1.7 pikseli za Full HD tayari zimeungana machoni pako, na hizo za ziada zilizomo ndani ya 4K hazina tena mtu wa kuzitazama. Kwa mtu anayekaa mita 3 kutoka kwenye skrini ya ukubwa huo, neno 4K halipaswi kuamua chochote. Kuanzia inchi 50 kwenda juu mjadala huu hupoteza uzito, kwa kuwa runinga nyingi za ukubwa huo, hata za bei ya chini, huwa ni za 4K.

Maandishi ya HDR nayo yasikuchukulie muda. Kwenye runinga za bei nafuu, kwa kawaida maana yake ni kwamba runinga inaweza kupokea picha za aina hiyo, wala si kwamba inaweza kuzionyesha inavyostahili. Filamu za HDR mara nyingi huandaliwa kwa kuzingatia mwangaza wa niti 1000, ilhali skrini nyingi za daraja hili hufikia niti 200 hadi 350. Wakati mwingine picha ya HDR hutokea kuwa na giza zaidi kuliko ya kawaida, na mtazamaji huishia kuizima.

Jambo linalostahili muda wako ni aina ya paneli, yaani kioo chenyewe kinachounda picha, ingawa maboksi mengi hayaitaji kabisa. Runinga za LED za bei nafuu hutumia zaidi paneli za aina mbili, VA na IPS, na kila moja ina udhaifu wake wa kuzaliwa nao. VA huzuia vizuri taa zilizo nyuma ya kioo, hivyo sehemu nyeupe ya picha inaweza kung'aa mara 3000 au zaidi kuliko sehemu nyeusi. Kwa IPS kiwango hicho huwa karibu na 1000. Tofauti hiyo huonekana usiku taa za chumba zikizimwa: kwenye VA anga la usiku hubaki jeusi, na kwenye IPS hugeuka rangi ya majivu. IPS, kwa upande wake, huhifadhi rangi hata mtazamaji akikaa pembeni, wakati VA hupauka mara tu unapoondoka katikati.

Huhitaji kifaa chochote kuzitambua. Tafuta picha ya uso wa mtu ikae kwenye skrini, simama katikati, kisha sogea polepole kuelekea pembeni hadi uitazame runinga kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi. Kwenye VA utaona ngozi ikipoteza rangi yake, vivuli vya chini ya kidevu na kando ya pua vikififia, na uso mzima ukawa kama umepakwa poda. Kwenye IPS uso hubaki ulivyokuwa. Sasa rudisha fikra kwenye chumba ulichokipima. Kama viti vyote vinaikabili runinga na mnatazama zaidi usiku, VA ndiyo yenu. Kama viti vimezunguka kuta tatu, au runinga itatazamwa mchana na mtu aliye jikoni kupitia mlango, chukua IPS na uvumilie weusi wake hafifu. Ni muhimu ufanye jaribio hili kwenye runinga halisi, kwa kuwa modeli moja yenye jina lilelile inaweza kutoka kiwandani ikiwa na paneli tofauti kulingana na ukubwa wake au toleo lake.

Ukiwa bado dukani, omba rimoti. Runinga za maonyesho huwekwa kwenye hali ya picha inayopandisha mwangaza na rangi kupita kiasi ili zivutie kwa mbali, na runinga iliyong'arishwa zaidi hushinda ulinganisho hata kama kioo chake ni duni. Ziweke zote mbili kwenye hali ya filamu, kisha uchomeke flashi yako mwenyewe yenye picha chache: moja ya kijivu kitupu, moja nyeusi tupu, moja nyeupe tupu, na video ya mpira. Faili la video lisizidi gigabaiti 4, kwa kuwa baadhi ya runinga husoma pekee flashi zilizopangwa kwa mfumo wa faili wa FAT32, na mfumo huo haupokei faili kubwa kuliko hilo. Picha nyeupe hufichua pikseli zilizokufa. Nyeusi, ikiwezekana mahali penye mwanga mdogo, huonyesha taa zinazovuja kwenye kona. Ya kijivu ndiyo kali kuliko zote: hapo hujitokeza mistari ya wima na madoa hafifu ambayo kwenye filamu hutayaona, lakini kwenye mpira, kamera inapofuata pasi ndefu na uwanja wa kijani ukijaa skrini, utayaona yakibaki palepale huku nyasi zikipita chini yake.

Kuhusu kasi ya picha, neno moja linatosha: skrini za daraja hili karibu zote huonyesha upya picha mara 60 kwa sekunde, na tarakimu kubwa zaidi zinazoambatana na majina ya kibiashara kwa kawaida huelezea uchakataji wa programu.

Upande wa programu una mtego unaoweza kuifuta faida yote ya 4K. Baadhi ya runinga zinazouzwa kwa jina la Android hutumia toleo huria la mfumo huo lisilo na idhini ya Google TV wala ya huduma za filamu. Huduma kama Netflix hutumia ulinzi wa maudhui, na kifaa kisicho na kiwango cha juu cha ulinzi huo, kinachoitwa Widevine L1 kwenye vifaa vya Android, hupewa picha ya ubora wa chini au hunyimwa huduma moja kwa moja. Unaweza basi kuwa na pikseli milioni 8 zinazoonyesha picha iliyokusudiwa skrini ndogo ya simu. Usiridhike na nembo iliyobandikwa kwenye fremu. Fungua programu za huduma unazolipia, cheza kitu, na uangalie ubora unaotajwa. Angalia pia RAM, yaani kumbukumbu inayotumiwa na programu zikiwa zinafanya kazi, kwani gigabaiti 1 huanza kulemewa programu zinapoongezeka, na hifadhi ya gigabaiti 8 huwa imekwisha kuliwa kwa sehemu kubwa na mfumo wenyewe kabla hujapakua chochote.

Hata hivyo, nisingekataa kioo kizuri kwa sababu ya programu mbaya. Programu inaweza kupuuzwa kwa kuchomeka kifaa kidogo cha kutiririsha filamu za mtandaoni kwenye tundu la HDMI, linalopokea picha na sauti kwa pamoja, na sauti nyembamba inaweza kutibiwa kwa spika ya nje. Kioo chenye madoa au kinachopauka pembeni hakina tiba. Ndiyo maana runinga yenye paneli inayokifaa chumba chako hupata kura yangu hata ikiwa menyu yake inajikokota, mradi gharama ya kifaa hicho cha ziada uijumlishe kwenye bei yake kabla ya kulinganisha.

Mpango huo unahitaji matundu ya kutosha, kwa hiyo yahesabu. Kingʼamuzi kimoja, kifaa cha kutiririsha na spika ya nje vinatosha kumaliza matundu matatu ya HDMI, na runinga nyingi za bei nafuu zina mawili tu. Tundu moja liwe limeandikwa ARC ili sauti irudi kwenye spika kupitia waya huohuo, au pawepo tundu la sauti la optiki. Kama unategemea antena pekee, hakikisha kipokezi cha ndani kinalingana na mfumo wa matangazo ya nchi yako, iwe ni DVB-T2, ISDB-T au ATSC, kwa kuwa runinga iliyokusudiwa soko jingine inaweza kupita vipimo vyote hivi na ishindwe kukamata kituo hata kimoja. Pima pia umbali kati ya miguu yake miwili. Miguu ya siku hizi huwekwa karibu na ncha za skrini, na meza fupi haitaibeba.

Zikibaki sawa hadi hapo, uliza kuhusu matengenezo. Kwenye runinga za LED za bei nafuu taa za nyuma ya kioo ni miongoni mwa vitu vinavyochoka mapema, na fundi mwenye vipuri vyake huweza kuzibadilisha. Kioo kikivunjika, gharama yake mara nyingi hukaribia bei ya runinga mpya. Soma waranti ujue inadumu muda gani, kama inahusisha paneli au mfumo wa umeme pekee, na ni nani hasa atakayeipokea runinga ikirudishwa, muuzaji au kituo cha mtengenezaji.

Runinga ikifika nyumbani, rudia jaribio la picha ya kijivu siku hiyohiyo, kwani uliyoijaribu dukani na iliyotolewa stoo ni mbili tofauti. Shusha mwangaza wa taa za nyuma hadi kiwango kinachokufaa usiku, jambo linalozipunguzia taa hizo joto na kuzirefushia maisha, na upunguze ukali wa picha, ambao kiwandani huwekwa juu mno. Boksi na vikingio vyake vya ndani vihifadhi hadi muda wa kurudisha bidhaa uishe, kwa sababu wauzaji wengi hawaipokei runinga isiyo na vifungashio vyake.