Kishikio cha waya wa springi kwa tufe la kioo la taa: hubeba, hakibani

Tazama chemli. Kile kioo hakina skrubu hata moja. Kinakaa juu ya kitako chake, kifuniko cha juu kinakikandamiza kwa springi, na waya unakizunguka kisiyumbe. Kioo kikipata moto kinatanuka, springi inakubali, basi. Lakini taa ya umeme ya dari, lile tufe jeupe la kioo lenye shingo, mara nyingi limeshikwa na kikombe cha chuma chenye skrubu tatu. Fundi anakaza skrubu taa ikiwa ya moto, taa inazimwa, chuma kinapoa na kusinyaa kuliko kioo, ncha tatu zinaingia kwenye shingo, na asubuhi kuna ufa. Shaba nyeupe na shaba nyekundu hutanuka na kusinyaa karibu mara mbili ya kioo cha kawaida, kwa hiyo skrubu zilizokazwa vizuri ndizo zinazopasua.

Hapa tunatengeneza kishikio cha waya mgumu ambacho hakikazi kitu. Kinaingia ndani ya shingo, kinajifungua chini ya bega la tufe, na kioo kinaning'inia juu ya miguu minne. Kwa nyumba za Entebbe, Jinja na popote karibu na Ziwa Victoria, kina faida nyingine: tufe linashuka bila bisibisi. Wale wadudu wa ziwa wanaotoka kama wingu hujaa ndani ya tufe kwa usiku mmoja, na taa isiyofunguka kirahisi hubaki chafu mpaka kioo kinageuka kahawia.

Jambo moja la kushika kabla ya kukata waya: kioo huvumilia sana kubanwa, lakini hakivumilii kuvutwa. Waya unaosukuma shingo kutoka ndani kwenda nje unaivuta shingo. Kwa hiyo kazi ya miguu ni kubeba uzito chini ya bega. Kusukuma shingo si kazi yake.

Vifaa

Spoku za baiskeli za mm 2 (geji 14), mbili kwa kila tufe, na nyingine mbili za kuharibu. Spoku ya gurudumu kubwa la baiskeli ya mizigo ina urefu wa karibu sm 30, na huo unatosha. Spoku inafaa kwa sababu ni waya uliovutwa baridi, una ugumu wa springi tayari. Usitumie waya wa kufungia nondo: huo umelainishwa makusudi, ukiukunja unabaki ulivyokunjwa. Waya wa springi za godoro kuukuu nao ni mzuri kama hauna kutu, ila kuunyoosha ni kazi.

Kipande cha bomba la chuma la robo tatu inchi (kipenyo cha nje ni karibu mm 27), jiliwa, koleo ya mdomo wa duara, koleo ya kukatia, tupa laini, msasa, rula ya chuma, kipande cha katoni, bati jembamba la mkebe wa mafuta ya kupikia, na holda ya plastiki ya balbu ya pini mbili yenye ringi yake ya kushikia kofia. Mafundi wa Katwe, Kampala, watakupa kipande cha bomba kwenye chuma chakavu. Holda ya shaba isiyo na waya wa ethi usiitumie hapa. Kishikio chote ni chuma tupu, na umeme ukivuja utashuka mpaka kwenye mkono wa anayesafisha.

Vipimo vya mfano

Tufe letu lina shingo yenye upana wa ndani wa mm 78 na urefu wa mm 32 kutoka mdomoni mpaka pale inapoanza kupanuka kuwa bega. Shingo yako itakuwa tofauti, kwa hiyo chora kwenye katoni kwa ukubwa halisi: duara la upana wa ndani wa shingo yako, katikati yake duara la mm 29 la holda, na kati ya hayo duara la tatu lililo mm 7 ndani ya lile la shingo. Hilo la tatu ndipo miguu inapokunjwa kushuka. Mchoro huu utautumia mpaka mwisho, usiutupe.

Shingo chini ya mm 60 haina nafasi ya kishikio hiki. Shingo ya zaidi ya mm 100 inataka spoku nene zaidi, mm 2.3, maana mikono ikirefuka inalegea.

Hatua ya 1. Kata.
Ondoa kichwa cha spoku na sehemu yenye nyuzi; nyuzi ni mikwaruzo, na waya wa springi hukatikia penye mkwaruzo. Kata vipande viwili vya mm 260. Piga tupa ncha zote mpaka ziwe duara. Weka alama ya wino katikati, kwenye mm 130.

Hatua ya 2. Zungusha kitanzi.
Funga bomba kwenye jiliwa. Weka alama ya katikati juu ya bomba, shika ncha zote mbili kwa glavu, zungusha waya kwenye bomba mpaka ncha zipishane na kila moja ielekee upande wake, mzunguko mmoja kamili. Vuta kwa nguvu moja, bila kusitasita. Ukiachia, waya utarudi nyuma kidogo na kitanzi kitapanuka mpaka karibu mm 29. Kurudi huko tunakutaka: mikono miwili haitakuwa tena kwenye mstari mmoja ulionyooka, itajipinda kuelekeana kama herufi V iliyofunguka sana. Weka kitanzi kwenye mchoro wa katoni. Pale mikono inapokata duara la tatu, nafasi kati yake iwe karibu robo ya duara. Kama ni zaidi, fungua kitanzi kidogo kwa mkono. Kitanzi kipite kwenye nyuzi za holda bila kulazimishwa.

Usipashe waya moto ili ukunjike kirahisi. Spoku ikiwa nyekundu imekwisha, ugumu wake hauwezi kurudi kwa kuimwagia maji jikoni. Na kama imepakwa zinki, moshi wake mweupe unaumiza mapafu.

Hatua ya 3. Kunja miguu.
Kila mkono ukifika kwenye duara la tatu, karibu mm 28 kutoka kwenye kitanzi, kunja kushuka chini. Kona isiwe kali: tumia mdomo wa duara wa koleo ili mkunjo uwe na mviringo wa mm 3 au 4 kwa ndani. Koleo yenye meno ifunge kitambaa au bati laini mdomoni. Ukishakunja kona, usiinyooshe na kuikunja tena. Ukikosea mahali, chukua spoku nyingine. Ndiyo maana tulinunua nne.

Mguu ushuke mm 35 kwa kipande cha kwanza, ukielekea nje kidogo kidogo, hivi kwamba chini kabisa unagusa tu ukingo wa ndani wa shingo.

Hatua ya 4. Pua.
Hapa ndipo kishikio kinapokuwa kishikio. Mwisho wa mguu, kunja waya kwenda nje mm 4 tu, karibu mlalo. Hiki ndicho kikalio cha bega. Kisha urudishe waya ndani na chini kwa mteremko, urefu wa mm 15, ncha yake ikae mm 3 ndani ya duara la shingo. Ukiutazama kwa ubavu, mguu una umbo la pua: juu kuna kikalio bapa kinachobeba kioo, chini kuna mteremko unaouongoza mguu kuingia shingoni. Unapopandisha tufe, mteremko unasukuma mguu ndani wenyewe, kikalio kinapita, mguu unafunguka.

Mm 4 zinaonekana kidogo, na kila mwanafunzi hutaka kuongeza. Usiongeze. Kikalio cha mm 8 kinalazimisha mguu kusukumwa ndani sana wakati wa kuvisha. Spoku ikisukumwa zaidi ya mm 6 kwa mguu wa urefu huu inajikunja moja kwa moja, na baada ya kuvisha mara mbili tatu mguu haurudi. Kikalio kisiteremke pia. Kikiwa na mteremko kama paa, tufe litajishusha lenyewe taratibu kila mlango unapogongwa.

Hatua ya 5. Kipande cha pili si sawa na cha kwanza.
Vitanzi viwili vinapangwa kimoja juu ya kingine. Kitanzi cha juu kiko juu zaidi kwa unene wa waya na ile sehemu waya ulipopishana, yaani mm 2 mpaka 4. Kwa hiyo miguu ya kitanzi cha juu lazima iwe mirefu zaidi kwa kiasi hicho hicho, la sivyo tufe litabebwa na miguu miwili tu na kukaa upande. Vaa kwanza kitanzi cha chini kwenye holda, weka cha juu kikiwa bado hakijakunjwa miguu, kigeuze nusu duara ili mikono yake ielekee upande wa pili, kisha pima kwa rula kutoka kwenye vikalio vilivyokwisha kukunjwa. Kunja kwa kipimo hicho. Ukimaliza, pindua kishikio juu ya kipande cha kioo au kigae kilicho bapa na upime kwa rula kimo cha vikalio vyote vinne: visitofautiane zaidi ya mm 1.

Hatua ya 6. Pembe zinazogusa kioo.
Piga msasa kikalio kwa ubavu wa juu. Kama taa ni ya LED, visha kila kikalio kijibomba cha plastiki kilichovuliwa kwenye waya wa umeme. Kwa balbu ya zamani ya nyuzi usivishe plastiki, italainika na kunata. Acha chuma laini kitupu. Mpira wa tyubu ya baiskeli haufai kwa taa yoyote: unakauka, unashikana na kioo, na siku ya kusafisha unang'oka na kipande cha bega.

Hatua ya 7. Kuvisha kwenye holda.
Zima swichi kuu, si ile ya ukutani peke yake. Fungua ringi ya holda. Panga hivi kutoka juu: washa ya bati, yaani pete bapa uliyokata kwenye bati la mkebe (tundu mm 29, upana mm 40), kitanzi cha juu, kitanzi cha chini kikiwa kimegeuzwa, washa ya pili, ringi. Kaza kwa vidole tu. Washa ni lazima, maana waya wa duara unagusa plastiki mahali padogo na ringi ya plastiki hupasuka. Angalia na waya wa umeme unaoning'inia: wa mm za mraba 0.5 usibebeshwe zaidi ya kilo 2, wa 0.75 usizidi kilo 3. Hapo hesabu tufe, holda na balbu pamoja. Kishikio chenyewe kisibebe tufe la zaidi ya kilo 1.

Hatua ya 8. Jaribu bila kioo.
Kata pete ya katoni ngumu yenye tundu sawa na shingo, ivishe kwenye miguu, itundikie mfuko wa mchanga wenye uzito mara tatu ya tufe. Acha mpaka kesho. Kikalio kikionyesha kushuka, waya ni laini, badilisha.

Hatua ya 9. Tufe.
Weka balbu kwanza, isiwe pana kuliko mm 60. Shika tufe kwa mikono miwili, liinamishe, ingiza pua mbili za upande mmoja mpaka zikae chini ya bega, kisha nyoosha na pandisha upande wa pili mpaka usikie miguu ikifunguka. Zungusha tufe kwa vidole viwili. Likizunguka bila kukwama, miguu inabeba. Likigoma, miguu inaisukuma shingo: shusha tufe, kunja kila mguu ndani mm 1, jaribu tena. Usiliache hata kwa usiku mmoja likiwa limegoma.

Kulishusha: pitisha kidole kati ya kitanzi na shingo, sukuma miguu miwili ya upande mmoja kuelekea katikati, inamisha tufe, litatoka. Mkono mwingine uwe chini yake muda wote.

Kofia ya kioo isiyo na bega

Kofia yenye mdomo uliogeuka nje juu ya shingo hushikwa kwa kinyume: miguu inashuka nje ya mdomo na kikalio kinaelekea ndani, chini ya ukingo. Vipimo ni vile vile, ila duara la tatu sasa liko mm 7 nje ya mdomo, na mikono inarefuka kwa hiyo. Hapa miguu inaweza kubana kidogo, mm 1 au 2, kwa kuwa kioo kinabanwa badala ya kuvutwa.

Matunzo

Karibu na ziwa, spoku yenye zinki huanza kutoa unga mweupe, baadaye madoa mekundu, kwanza kwenye mikunjo. Unga mweupe futa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Doa jekundu kwenye kona ya mguu ni la kubadilisha kipande kizima, hata kama bado kinarudi vizuri kikisukumwa, kwa kuwa kutu huchimba kishimo na waya hukatikia hapo hapo. Kila unaposhusha tufe kumwaga wadudu, pitisha ukucha kwenye kona nane za mikunjo ya juu na ya kikalio. Ukucha ukikwama, toa kipande hicho kabla ya kurudisha kioo.